Nilivyoliandikia Boma Nyimbo za Kilwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa meza, kalamu mbili, kidau cha wino, na mwanamke muuza kunde aliyesimamishwa barabarani ili aje aniimbie.

"Mama, imba wimbo wowote," karani mkuu wa boma la Kilwa Kivinje alimwambia. "Kijana huyu tunampima."

Yule mama alinitazama kuanzia kofia hadi makubadhi. "Kwani amefanya nini?"

"Bado hajafanya kitu. Ndiyo kwanza anaanza leo."

Akaimba wimbo wa kutwangia, mistari minne inayozunguka, nami nikaandika. Nilipomsomea nilichoandika, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajitwisha kunde zake. "Maneno ndiyo yenyewe," akasema. "Ila ukisoma hivyo, hata mchi haunyanyuki." Karani mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya karani wa ngoma.

Najua wengi wenu hamjapata kuisikia kazi hiyo. Katika utawala wa Wadachi, yaani Wajerumani, hakuna ngoma iliyopigwa mjini kwetu bila cheti cha boma. Boma lilikuwa ofisi ya serikali, mahakama, jela na kambi ya askari, vyote ndani ya ukuta mmoja. Chama cha ngoma kilichotaka kucheza kilimtuma manju wake, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, aje kwangu ataje uwanja, siku na wimbo. Karatasi ilitoka kwangu ikaenda kwa karani mkuu, ikatoka kwake ikaenda kwa bwana mkubwa wa boma, Mdachi aliyeitawala wilaya nzima. Siku ya ngoma nilikwenda mwenyewe na daftari, nikakaa karibu na wapigaji, nikaandika kila ubeti uliotoka. Mwisho wa mwezi bwana mkubwa alisomewa.

Kwa nini asomewe, hakuna aliyenieleza. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali kule Tanga, na shule hiyo, pamoja na kutufundisha hati nzuri, ilinitia ugonjwa wa kuuliza. Wiki ile ile ya kwanza nilimwuliza karani mkuu: ikiwa serikali ina bunduki, nyimbo za kina mama zinaihusu nini?

"Bunduki haisikii," akanijibu. "Ndiyo maana umeajiriwa wewe. Andika kwa mpangilio ule ule uliosikia, usiongeze, usipunguze. Maswali waachie wenye kofia ngumu."

"Lakini mzee..."

"Na jingine. Usicheke uwanjani. Manju akikuona umecheka, Ijumaa ijayo atakutungia ubeti wewe, na mimi ndiye nitakayeusoma mbele ya bwana."

Mji wetu ulikuwa umegawanyika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Kilimani na Mtoni. Usifikiri vilikuwa vyama vya kuchezea tu. Mtu wa Kilimani alizikwa na watu wa Kilimani, alimwoza binti yake kwa shangwe za Kilimani, na akigombana na jirani, chama chake kilimtetea. Manju wa Kilimani alikuwa Salum, mzaliwa wa Tingi, ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kuwamba ngoma. Ukipeana naye mkono, harufu ya ngozi mbichi ilikufuata mpaka nyumbani. Manju wa Mtoni alikuwa Bi Zena, mwoka mikate, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyovuka uwanja bila kupigiwa kelele. Mama yangu mdogo alikuwa mchezaji wa Mtoni, kwa hiyo nilipoanza kazi Salum hakuniamini hata kidogo.

"Funga dirisha," alinambia alipokuja kuomba cheti kwa mara ya kwanza.

"Joto hili, manju?"

"Heri joto. Zena ana masikio mpaka kwenye makuti."

Halafu akaninong'oneza mistari miwili ya mwanzo, akasimama. Nikamwambia sheria inataka wimbo mzima. "Huo ndio wimbo mzima ninaoujua leo," akasema. "Kiini chake kitanijia uwanjani." Bi Zena naye hivyo hivyo. Vyeti vyangu vyote viliandikwa juu ya nusu ya wimbo, na karani mkuu akajifanya haoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kivinje na alijua kwamba manju anayetoa kiini kabla ya siku amekwisha kushindwa.

Hapa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyonipata. Vyama vilishindana kwa kujibizana. Mtoni ikiisha kutoa ubeti wa kuidhihaki Kilimani, Kilimani haikuruhusiwa kujibu hivi hivi. Ilimpasa manju wake kwanza auimbe ubeti wa adui, wote, neno kwa neno, mbele ya watu, ili ionekane kwamba hauogopi. Tuliita kubeba. Wakati wa kubeba, manju aliutia kwapani usinga wake, ule mkia wa mnyama wenye mpini. Alipofika kwenye jibu lake mwenyewe aliutoa na kuuinua juu, na hapo watu walipiga vigelegele. Usinga kwapani, maneno ni ya mwenzio. Usinga juu, ni ya kwako. Mtoto wa miaka mitano alilijua hilo.

Mimi niliandika maneno. Usinga sikuuandika.

Bwana mkubwa wa kwanza niliyemtumikia alikuwa mtu mnene aliyependa nyimbo. Karani mkuu alimsomea, mkalimani akamfasiria maneno magumu, naye akacheka huku akijipepea. Wilayani wakati huo watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya majumbe, na juu ya majumbe walisimama maakida, watumishi wa serikali waliokusanya kodi na kusimamia kazi. Ubeti wa kumcheka akida mwenye mwavuli ulimfurahisha bwana mkubwa kuliko wote. "Akida huyu ni mrefu kweli?" aliuliza. Hakuuliza kwa nini watu wanaimba juu ya mwavuli. Niliuliza mimi, moyoni, na nikaamua kwamba mtu anayecheka wimbo bila kuuliza umetoka wapi hajausikia.

Mwaka wangu wa pili nilihamishiwa Njinjo kwa msimu mmoja wa kuchuma, niandike nyimbo za wachumaji. Akida wa huko ndiye aliyekuwa mwenye mwavuli. Alinipokea vizuri na kunipa chumba. "Andika, karani, andika," alisema. "Watu wangu wananiimbia sifa kutwa nzima. Bwana mkubwa atafurahi."

Nilikwenda shambani pamoja naye siku tatu, na kweli nilisikia sifa tu:

*Pamba hii ni neema, akida wetu ni baba.*

Siku ya nne aliumwa, nikaenda peke yangu, nikakaa nyuma ya kichuguu kabla wachumaji hawajafika. Sauti ilikuwa ile ile, mdundo ule ule, maneno mengine:

*Pamba hii haipikwi, akida wetu haoni.*

Mchumaji wa mstari wa kwanza alikuwa akitazama njia. Mwavuli ukionekana, alikohoa mara moja, na katikati ya wimbo, bila mtu kukosea hatua, haipikwi ikawa neema. Niliporudi jioni akida aliniuliza nimepata nini. Nikamwambia nimepata wimbo ule ule. Sikusema uongo sana.

Nilijifunza Njinjo kitu ambacho shule haikunifundisha: kwamba wimbo wa watu hauna mahali unaposimama ukauona wote. Ukiwa mbele unasikia hivi, ukiwa nyuma unasikia vile. Niliandika matoleo yote mawili katika daftari, moja chini ya jingine, bila kueleza lipi liliimbwa wakati gani. Nilidhani huo ndio uaminifu. Ilikuwa ni uvivu uliovaa nguo za uaminifu.

Niliporudi Kivinje, habari za maji zilikuwa zimeanza kushuka kutoka milimani. Watu walisema kuna mganga huko juu anayetoa dawa, na aliyeinywa, risasi ya Mdachi itakuwa maji mwilini mwake. Wengine waliliamini neno hilo, wengine walilicheka, wengi walilishika mkononi kama nguo sokoni, hawajaamua. Mimi sikuamini. Lakini nawaambieni, sikuamini pia kwamba wapimaji wa mashamba wa bwana mkubwa wanajua kuliko watu wa milima ya Umatumbi pamba inafaa kuota wapi. Nilikuwa mtu wa kukataa pande zote, na kijana wa namna hiyo hujiona ana akili nyingi mpaka siku anapotakiwa kusimama upande mmoja.

Kulikuwa na harusi Mtoni. Ngoma ya harusi ndani ya ua haikuhitaji cheti, kwa hiyo sikuwako. Kesho yake mji mzima ulikuwa unaimba ubeti mpya:

*Kilimani wachumaji, migongo yenu pinde,*
*mwavuli ukitokea, mbio kama kunguru.*
*Sisi maji tumekunywa, hatumwogopi mtu,*
*risasi ikija kwetu, itageuka tone.*

Nilimkuta Bi Zena barazani kwake akipanga mikate. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Bi Zena, ubeti ule ni wako?"

"Wa nani mwingine? Salum hawezi hata kutunga salamu."

"Na wewe unayaamini hayo maji?"

Hapo aliinua uso. "Karani, nilitaka Kilimani walie. Neno lilikuwa linapita njiani, nikalichukua. Wewe ukipita ukaona embe chini, unauliza kwanza mti unaamini nini?"

Ijumaa iliyofuata, baada ya alasiri, Kilimani walikuwa na cheti. Uwanja ulijaa, hata karani mkuu alikuwako. Salum aliingia na usinga kwapani, akaubeba ubeti wa Bi Zena wote, polepole, kwa sauti nzito iliyoufanya uchome kuliko alivyoutunga Bi Zena mwenyewe. Watu wakasogea karibu kusubiri jibu. Akashika mpini wa usinga, na adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Kwetu ngoma ilinyamaza adhana ikianza, na cheti chenyewe kiliishia magharibi. Salum alitabasamu, akaondoka na jibu lake. "Ijumaa ijayo," akawaambia Mtoni. "Mlale na hofu."

Ijumaa ijayo haikuja. Vita vilianza milimani, vikashuka. Watu waling'oa pamba, wakachoma nyumba za maakida, askari wakapanda juu na kurudi wachache. Yule bwana mkubwa mnene alihamishwa, akaja mwingine, tuliyemwita bwana wa vita. Alikuwa mwembamba, alijua Kiswahili cha vitabu, na hakucheka wimbo wowote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuagiza madaftari yote ya boma yasomwe upya, lolote lenye neno maji litiwe alama.

Karani mkuu aliniletea daftari langu mwenyewe, ukurasa umekunjwa. Pale, kwa hati yangu nzuri ya Tanga, iliandikwa: *Chama cha Kilimani. Manju Salum.* Halafu ubeti wa maji. Halafu hakuna kitu.

"Wamemchukua asubuhi," akasema. "Baraza ni keshokutwa. Wengine waliopelekwa mbele ya baraza hilo, unajua wameishia wapi."

Nilijua. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye mti karibu na soko, tukipita tukigeuza nyuso.

"Lakini alikuwa anabeba!" nikasema. "Mzee, ulikuwepo, ulimwona!"

"Nilimwona. Umeandika?"

Nikafunua ukurasa wa pili, kana kwamba usinga ungekuwa huko.

"Nenda basi ukamwambie bwana kwamba alikuwa anabeba," karani mkuu akaendelea, kwa upole. "Ataelewa, si mjinga. Halafu atakuuliza, anabeba kutoka kwa nani?"

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, nami naliandika waziwazi ili msije mkadhani nilikuwa shujaa wa kuchagua kati ya jema na baya. Nikinyamaza, Salum ananyongwa kwa sababu ya daftari langu. Nikieleza desturi kama ilivyo, Bi Zena ananyongwa kwa sababu ya ulimi wangu.

Nilipata ruhusa ya kumwona Salum, kwa kisingizio cha kuhakikisha jina lake. Alikuwa ameketi ukutani, mnyororo shingoni, akichunguza ngozi ya ngoma ya askari iliyoachwa uani.

"Wameiwamba vibaya hii," akaniambia. "Ikipata umande, kwisha."

Nikamweleza yote, na jinsi kosa lilivyokuwa langu.

"Na ukinitoa mimi, unamtia Zena?"

"Ndiyo."

"Basi niache hapa hapa."

"Manju, watakunyonga."

"Nimekusikia. Zena nitamshinda kwa ngoma, sitamshinda kwa kamba. Watu watasema Salum alikosa jibu, akamkimbilia Mdachi." Akanitazama. "Wewe si umesoma? Wanasema unauliza mpaka kuku kwa nini ana mabawa. Tafuta njia. Au hayo maswali yako ni ya kuulizia chakula tu?"

Nilirudi mezani. Siku ile na ya pili yake niliyasoma madaftari yangu kama mtu asiyetoka Kivinje, kwa macho ya bwana wa vita. Nilistaajabu. Nilikuta kwamba shehe mmoja mpole alimtukana liwali, kwa kuwa alikuwa akibeba. Nilikuta walevi wakijisifu kwa sala na wacha Mungu wakijisifu kwa tembo. Miaka yote ile sikuwa nimeandika nani amesema nini. Nilikuwa nimeandika tu nani alikuwa na zamu ya kufungua kinywa. Na hapo nikaiona njia, na nikaona pia kwamba itanipitisha mimi mwenyewe katikati.

Baraza lilikaa asubuhi, kwenye baraza ya boma, watu wamesimama uani. Bi Zena alikuwako, kapu la mikate kichwani. Hakuwa amekimbia. Karani mkuu aliketi kushoto kwa bwana wa vita, na nyuma yao alisimama shaushi, mkubwa wa askari.

Bwana wa vita alisoma ubeti mwenyewe, kisha akamwuliza Salum, "Umeimba maneno haya?"

"Nimeyaimba, bwana."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa ya kisimani, bwana. Na tangu juzi nakunywa haya ya hapa kwenu. Yana chura."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nikasogea mbele, daftari kifuani, nikaomba kusema.

"Bwana, kabla mtu hajahukumiwa kwa kitabu hiki, naomba kitabu chenyewe kihukumiwe."

"Eleza."

Nikafungua ukurasa nilioutafuta siku mbili. Nilikuwa nimeuchagua kwa makusudi. Ulikuwa wa sikukuu ya Kaisari, siku ambayo wake wa askari walishindana na wanawake wa sokoni. Waliodhihaki siku ile walikuwa umati usio na jina, na bwana mkubwa wa zamani alikuwa ameusikia ubeti wao akaucheka. Nikasoma kwa sauti: "Chama cha wake wa askari. Kiongozi, mke wa shaushi." Halafu:

*Bendera yenu ya boma, twapangusia vyungu.*

Bwana wa vita aligeuka kwenye kiti. Shaushi akapiga hatua mbele.

"Bwana! Mke wangu hakusema hivyo!"

"Imeandikwa."

"Alikuwa anabeba tu, bwana! Anabeba! Kila mtu anajua!"

"Anabeba nini?"

Na shaushi yule, ambaye mikono yake ndiyo iliyomfunga Salum mnyororo, akamweleza bwana wake desturi nzima. Aliposhindwa kwa maneno aliweka bunduki kwapani. "Hivi, bwana, si yake. Ni ya adui." Akaiinua juu. "Hivi, ndiyo yake. Mke wangu alipoinua aliisifu bendera sana, bwana, sana, waulize!" Ua mzima ukaitikia, "Ni kweli!" Kilimani na Mtoni kwa pamoja, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya hapo.

Bwana wa vita aliacha waishe. "Karani. Katika kitabu chako kuna alama gani ya kubeba?"

"Hakuna, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa kwanza."

"Kwa nini?"

"Kila mtu alikuwa anajua, bwana. Sikufikiri kwamba atakuja msomaji asiyejua. Kwa hiyo hakuna ubeti hata mmoja humu ambao unaweza kusema ni wa fulani. Kitabu chote ni kibovu, na mimi ndiye niliyekiandika."

Alilivuta daftari, akafunua kurasa, akalifunga. Halafu akauliza lile swali.

"Basi ubeti wa maji ulikuwa wa nani?"

"Waliowadhihaki Kilimani ni wengi, na kitabu hakisemi, bwana."

"Sikiulizi kitabu. Nakuuliza wewe."

Sikumtazama Bi Zena. Nilitazama kidole chake yeye bwana, kilichokuwa juu ya jalada. "Sijui," nikasema. Nilikuwa najua, na nimeishi miaka yote hii bila kujuta neno hilo.

Akamgeukia karani mkuu. "Wewe?"

"Masikio yangu yamezeeka, bwana," karani mkuu akajibu. "Siku hizi naipata ngoma tu, maneno yananipita."

Hukumu yangu ilikuwa hamsa ishirini, ndivyo tulivyoviita viboko ishirini na vitano vya Mdachi, na kuondolewa kazini. Nilipewa pale pale uani, na kila baada ya viboko kadhaa niliulizwa tena ubeti ni wa nani. Sitaeleza zaidi. Shaushi alipiga kwa nguvu, maana alitazamwa, lakini nilipoanguka alininyanyua yeye mwenyewe. Salum hakunyongwa. Alibebeshwa mawe ya ukuta wa boma mpaka masika, kisha akaachiwa arudi Tingi.

Madaftari yaliamriwa kuchomwa, kwa kuwa kitabu kisichoweza kumshtaki mtu hakikuwa na faida kwa boma. Niliyaleta mimi mwenyewe, kwa miguu iliyokuwa haijapona, manne makubwa, nyimbo za miaka yote ile: za mavuno, za jando, za kumcheka liwali, zile za Njinjo za mbele na za nyuma ya kichuguu. Karatasi nzuri ya Ulaya huwaka polepole. Karani mkuu alisimama nami hadi mwisho. Hakunipa pole, aliniambia tu, "Leo umeandika vizuri."

Baadaye nilipata kazi Lindi, forodhani, kupaka alama magunia. Njaa ilipita baada ya vita ikala watu wengi kuliko risasi, na viwanja vya ngoma viliota nyasi. Ngoma ziliporudi, vyama vilikuwa vimechanganyika, wachezaji wakavaa mikanda na kofia na kujipa vyeo vya kijeshi, na wengine wakasema hiyo ni dhihaka na wengine wakasema ni kujipendekeza. Mimi nilisimama pembeni bila kalamu. Waingereza walipokuja waliniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya ofisi. Nikasema sijawahi. Nilistaafu nikiwa msimamizi wa ghala, mgongo una alama na macho bado mazuri.

Wako wanaosema nyimbo ndizo zilizoleta vita vile. Nimelipinga jambo hilo mezani kwa watu wengi. Waliong'oa pamba waling'oa kwa sababu ya pamba. Lakini sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili, nikasema ubeti wa Bi Zena ulikuwa mchezo mtupu. Neno lililokuwa likinong'onwa milimani, yeye alilipa mdundo, na mtu akiisha kulicheza neno kwa miguu yake halimtoki upesi. Ni askari wangapi au wachumaji wangapi walilicheza, na lilifanya nini ndani yao, sijui. Serikali ilidhani ikinilipa nitaijulisha. Hakuna anayejua, na anayesema anajua mwulizeni alikuwa amekaa mbele au nyuma ya kichuguu.

Siku hizi hunijia vijana wenye madaftari, wasomi, wanaokusanya nyimbo za wakati wa Mdachi. Huniuliza jibu la Salum lilikuwa lipi. Salum alifariki nikiwa Lindi. Kilimani wanasema alilitoa, na kila mmoja ananiimbia jibu lake. Bi Zena, mpaka anazeeka, aliapa kwamba hakuwa na jibu lolote, na aliapa huku anacheka. Mwaka jana kijana mmoja wa chuo alisikiliza habari yangu yote, akafunga kalamu yake, akasema kwa uchungu wa kweli, "Mzee, lakini hasara hiyo! Nyimbo zote zile! Hukuweza kuficha hata daftari moja?"

Nilimwambia ningeweza. Niliyabeba mwenyewe kutoka chumbani, njia ilikuwa ndefu, na hakuna aliyehesabu. Lakini lingebaki daftari moja, siku moja lingempata msomaji wa kuuliza tena ule ubeti ni wa nani, na Bi Zena alikuwa bado anauza mikate.